Wiki Isiyo na Jumapili

Barua ya mkurugenzi ilisema: tutaanza kutumia wiki.
Peresi Chilongani akainua miwani,
akauliza, wiki ipi, hii au ijayo?
Tukacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia.
Yeye hakucheka. Miaka thelathini na moja
ameandika kadi za katalogi kwa mwandiko wa wima,
kila nukta pahala pake, kila mwandishi
ametanguliwa na ubini wake kama mzee na fimbo.

Nikamwonyesha. Ukurasa mmoja, milango mia.
Unaingia, unaandika, unatoka;
anaingia mwenzio, anafuta, anatoka.
"Basi ni jiko la msibani," akasema,
"kila mwanamke anatia chumvi,
halafu wote mnayalaumu maji."

Tulianza na mwongozo: saa za kufungua,
faini ya kuchelewesha kitabu, namna ya kunukuu,
mahali pa kuchaji simu
(hili aliliongeza mwanafunzi,
nasi hatukuwa na ubavu wa kulifuta).
Kisha Lazaro Mbogoni, mwaka wa pili, mtoto wa Kongwa,
akafungua ukurasa mpya: Jina la Mji Huu.
Akaandika: tembo alikuja kunywa, tope likamvuta,
watu wakasema, amedidimia.
Saa tatu baadaye Zaituni Isere wa Kondoa akafuta,
akaweka: tembo gani? Walikuwa ng'ombe wa wizi.
Wamechinjwa, wameliwa, mikia ikachomekwa topeni;
wenyewe walipofika wakaambiwa,
tazameni, wamedidimia.

Lazaro akarudisha tembo.
Zaituni akarudisha mikia.
Usiku ule, zamu yangu, upepo wa Chimwaga
ukigonga madirisha kama mdai,
nilikaa nikihesabu: tembo kazama mara kumi na nne,
ng'ombe mara kumi na tatu,
na umeme ulipokatika
hakuna aliyejua nani yuko chini, nani yuko juu.

Ningeweza kuufunga ukurasa. Ufunguo ninao.

Asubuhi Peresi akaniomba kiti.
Alichapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama:
Bibi yangu Mbeleje alifinyanga vyungu karibu na pale.
Hakumtaja tembo wala ng'ombe.
Alisema ardhi ile ilikuwa laini tu,
na kila aliyepita aliacha kitu.

Akauliza, jina langu naliweka wapi?
Haliwekwi, nikamwambia, linajiweka.
Nikambonyezea historia ya ukurasa:
tarehe, saa, nani kakanyaga wapi,
nyayo juu ya nyayo, hata za aliyefuta.
Akasoma kutoka chini kwenda juu, midomo ikicheza.
"Kwa hiyo hakuna kinachopotea."
Hakuna, nikasema. Kinadidimia tu.

Ndipo akanihadithia paa la tembe la kwao Mvumi:
kila mwaka kabla ya mvua walilikandika upya,
majirani wote, matope hadi viwikoni,
na hakuna aliyejua udongo wa nani uko wapi
mpaka lilipovuja.
Hapo kila mtu alimkumbuka mwenzake.

Siku ya tatu alikuja amefura.
"Nani kagusa mkato wangu?"
Alikuwa Lazaro. Aliutia baada ya "tu" wake,
akaufuta, akaurudisha mstari wa chini,
na pembeni, penye sababu ya badiliko, akaandika:
samahani mama, nimesoma kwa sauti, pumzi imeishia hapa.
Peresi akaisoma sentensi kwa sauti, mara mbili,
kiganja kifuani.
Akaurudisha mkato wake.
Kisha akauondoa kabisa.

Juni anastaafu. Kadi zake zimo kwenye droo za mbao,
hazijafunguliwa tangu masika,
nami napita hapo nikiwa na soni kidogo.

Leo Jumapili, milango imefungwa, vumbi limelala mezani.
Historia inasema dakika mbili zilizopita
mtu fulani, bila jina, ameongeza kiboko.
Nimemtazama.
Nimemwacha azame.